Barbados: anza Newton, halafu uingie baharini

Watu wakisikia nimewahi kwenda Barbados, kisiwa cha Karibi, swali la kwanza huwa lile lile: ufukwe upi mzuri kuliko yote? Nitalijibu, maana fukwe za kisiwa kile ni nzuri kweli kweli. Lakini kwa sisi tunaotoka Afrika nina ushauri ambao sichoki kuutoa. Asubuhi ya kwanza usikimbilie baharini. Nenda Newton.

Newton iko Christ Church, kusini mwa kisiwa, si mbali na uwanja wa ndege. Lilikuwa shamba la miwa. Kuna kipande cha mteremko ambacho udongo wake ni haba na mwamba uko karibu, hakikufaa kulimwa, na hapo ndipo walipozikwa watumwa wa shamba hilo, watu wapatao 570, tangu miaka ya 1660 hadi karibu na 1820. Usitegemee kuona mawe ya makaburi yenye majina. Utaona nyasi na ardhi iliyoinuka kidogo hapa na pale. Watafiti walipochimba katika miaka ya 1970 walimkuta mzee mmoja aliyezikwa na bangili za shaba, kisu, kiko cha udongo na mkufu uliotungwa kwa kauri (makombe madogo ya baharini), meno ya mbwa, pingili za mgongo wa samaki, shanga za kioo na shanga moja ndefu ya akiki nyekundu. Wanazuoni wengi wanamwona kuwa mganga, mtu aliyeheshimiwa na wenzake hata ndani ya utumwa. Kauri zilizotumika Afrika Magharibi zilikuwa zikitoka Bahari ya Hindi, zikipita mikono mingi njiani. Nilisimama pale nikifikiria safari ya kombe dogo kama lile, nikashindwa kuondoka haraka.

Kabla ya kwenda, ulizia kwanza Jumba la Makumbusho la Barbados, maana ndilo linalomiliki eneo hilo na serikali imekwisha kutangaza mpango wa kujenga kumbukumbu kubwa hapo.

Kutoka Newton panda kaskazini kwa gari hadi kwenye sanamu ya Bussa, iliyo katikati ya mzunguko wa barabara kuu. Ni kazi ya Karl Broodhagen, ilizinduliwa mwaka 1985: mwanamume kifua wazi, mikono juu, minyororo iliyokatika ikining'inia. Bussa ndiye kiongozi anayekumbukwa wa maasi ya watumwa yaliyoanza Jumapili ya Pasaka, Aprili 14, 1816. Mwulize dereva au mwongozaji wako pia habari za Nanny Grigg, mtumwa wa ndani aliyejua kusoma, ambaye aliwaeleza wenzake habari za magazetini na yaliyotokea Haiti, ambako watumwa walijikomboa. Magari hayakomi kupita pale, kwa hiyo vuka kwa uangalifu.

Ukimaliza hapo, endelea hadi Gun Hill. Watalii wengi hupanda kilima hiki kwa ajili ya mandhari, na kwa ajili ya simba mweupe aliyechongwa mwambani mwaka 1868 na ofisa wa jeshi la Uingereza. Mandhari ni ya kuvutia, nusu ya kisiwa inaonekana. Ila kumbuka kilimani hapo kuna kituo cha jeshi cha kupelekea ishara, nacho kilijengwa 1818, miaka miwili tu baada ya maasi ya Bussa. Walinzi waliowekwa juu hawakuwa wakitazama meli za adui peke yake. Walikuwa wakiwatazama watu wa mashambani. Ukipanda Gun Hill baada ya kuona Newton, utakielewa kilima hicho kwa namna ambayo hakuna kijitabu cha watalii kitakachokueleza.

Mji mkuu, Bridgetown, pamoja na kambi ya zamani ya jeshi iitwayo Garrison, viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Kwa aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya Lamu, kuta za mawe ya matumbawe zitakuwa kitu cha kawaida. Sinagogi la Nidhe Israel, ambalo chimbuko lake ni 1654, usilikose. Garrison kuna nyumba aliyokaa George Washington mwaka 1751 akiwa kijana, alipomsindikiza kaka yake mgonjwa. Huko alipatwa na ndui. Makumbusho yenyewe yamo katika gereza la zamani la wanajeshi. Katika uwanja wa mashujaa, sanamu ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, iliyosimama tangu 1813 iliondolewa Novemba 2020, na mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba, nchi ikawa jamhuri. Halafu tembea hadi Queen's Park ukauone mbuyu. Ni mbuyu hasa, mnene kupita kiasi, mbegu yake inasemekana ilitoka Guinea katika karne ya 18. Sikutegemea kuona mbuyu upande ule wa Atlantiki, na nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Sasa bahari. Fukwe zote za Barbados ni za umma. Hoteli inaweza kukutoza kiti na mwavuli, lakini haiwezi kukuzuia kutandika khanga yako mchangani. Kwa kuogelea, mimi huchagua Carlisle Bay, mwendo wa miguu kutoka mjini. Maji yametulia, mchanga ni laini, na si mbali na ufukwe kuna mabaki ya meli zilizozama, mojawapo ikiwa Berwyn, iliyozama mwaka 1919. Ukiwa na miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, utaziona vizuri bila kuwa mzamiaji. Kasa wapo pia. Waache wapite, usiwaguse.

Pwani ya magharibi kwa jumla ni shwari. Pwani ya mashariki ni habari nyingine kabisa. Bathsheba ni pazuri mno, miamba mikubwa imesimama ndani ya maji kama imepandwa, na mawimbi yanatoka Afrika bila kizuizi chochote njiani. Nenda ukatazame wacheza mawimbi, keti kwenye vidimbwi vya miambani maji yakipwa, lakini usiogelee. Mkondo wa pale hauna huruma. Tena, tangu 2011 upande huo huletewa mwani mwingi wa kahawia katika baadhi ya miezi, na ukioza hunuka vibaya. Waulize wenyeji hali ilivyo kabla ya kukodi gari kwenda huko.

Kuna mti mmoja ufukweni unaoitwa manchineel. Matunda yake ni ya kijani, mfano wa tofaa dogo, na utomvu wake unababua ngozi. Mingi imepakwa alama nyekundu shinani. Usile tunda, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake. Wenye watoto, hili lirudieni mara mbilimbili.

Usafiri si tatizo. Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, na basi ni dola 3.50 za huko popote uendako. Zipo hadi daladala zao, magari meupe yenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, namba zikianzia na ZR, muziki juu na abiria wamebanana. Vituoni kibao huandikwa kama basi linaelekea mjini au linatoka mjini. Kisome kabla ya kupunga mkono.

Ijumaa jioni nenda Oistins, kijiji cha wavuvi, ule samaki wa kuchoma. Siku nyingine tafuta cou-cou, ambao ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, ukiliwa na samaki arukaye. Shelisheli la kuchoma lipo vilevile.

Mwisho, mambo mawili ya mizigo na karatasi. Usibebe nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, hata kofia au kaptula ya mtoto, kwa sababu sheria ya huko inakataza raia kuivaa. Na kuhusu viza, angalia masharti ya Barbados kwa pasipoti yako, kisha uangalie ya nchi utakayopitia. Ukibadilisha ndege Marekani, kwa pasi ya Kenya au Tanzania utahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, na miadi ya ubalozini huchukua muda. Anza na hiyo kabla hujalipia tiketi.