Kabla ya kuchora mstari wa -5/3: kwa mnaopima upepo wa Ziwa Victoria

Wanafunzi wanaoniletea grafu zao hapa Kisumu karibu wote huja na picha moja: spektra ya kasi ya upepo (grafu ya nishati iliyomo katika mizunguko ya hewa ya kila ukubwa) kwa mizani ya logi, na juu yake mstari wenye mteremko wa -5/3. Nawaomba wauondoe kwanza huo mstari. Jicho likishauona, huzilazimisha nukta ziufuate.

Mwanahisabati Mrusi Andrei Kolmogorov alieleza mwaka 1941 kwamba katika msukosuko, mizunguko mikubwa hupokeza nishati kwa midogo, ngazi kwa ngazi, hadi mnato (msuguano wa ndani wa hewa) uigeuze kuwa joto. Katika ukubwa wa katikati, takwimu hutegemea tu umbali na kiwango cha nishati kinachopita. Hapo ndipo -5/3 inapotoka. Swali lako basi ni moja: data zako zimefika huko katikati?

Anza na saa. Kifaa kimoja mlingotini hupima kasi mahali pamoja muda ukipita, si kwa umbali. Tunaupata umbali kwa kuzidisha muda na kasi ya wastani, kama alivyopendekeza mwanafizikia G. I. Taylor mwaka 1938. Njia hiyo inafaa pale tu mabadiliko ya kasi yanapokuwa madogo kuliko wastani. Hapa kwetu upepo wa nchi kavu hulegea asubuhi, kisha wa ziwani huingia. Wakati wa mpito huo wastani hukaribia sifuri na mwelekeo hugeuka. Ziache data hizo, hata ziwe nyingi. Mimi hutumia za alasiri, upepo wa ziwani ukiwa umeshika njia moja. Kwa mlingoti wa mita 10 na upepo wa mita 4 kwa sekunde, tazama mizunguko midogo kuliko mita 10 hivi, yaani inayopita ndani ya sekunde 2.5. Mikubwa zaidi hubeba alama ya ardhi, miti na mapaa.

Sasa zidisha spektra kwa namba ya wimbi (hukua kadiri mzunguko unavyokuwa mdogo) iliyopandishwa kwa kipeo cha 5/3. Pakitokea sehemu tambarare, fanyia kazi hapo. Pasipotokea, andika hivyo.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kanuni ya 4/5: wastani wa mchemraba wa tofauti ya kasi kati ya nukta mbili ni -4/5 mara kiwango cha nishati kinachopotea mara umbali. Haikukisiwa. Ilitolewa kwenye milinganyo ya Navier-Stokes yenyewe, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, kwa msukosuko mkali usiopendelea upande wowote. Angalia alama: ukitoa kasi ya awali kutoka ya baadaye, unasogea kinyume cha upepo, kwa hiyo jibu litakuwa chanya. Wengi hudhani kifaa kimeharibika.

Kisha kuna tamaa ya vipeo vya juu. Kwa nadharia ya 1941, wastani wa tofauti ya kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha sita ungekua kwa umbali mraba, yaani umbali katika kipeo cha 2. Vipimo hutoa karibu 1.78, kwa sababu nishati hupotea kwa milipuko, si sawasawa. Kolmogorov mwenyewe alirekebisha nadharia yake mwaka 1962. Lakini wastani huo wa kipeo cha sita hutawaliwa na miruko mikubwa iliyo adimu, na alasiri moja haina ya kutosha. Chora mgawanyo wa tofauti za kasi (kila tofauti hutokea mara ngapi), uzidishe kwa tofauti hizo katika kipeo cha sita. Kama mkunjo bado unapanda pale data zinapoishia, usiitoe namba hiyo. Toa kipeo cha pili na cha tatu, na ukikitaka cha sita, acha kifaa mlingotini msimu mzima ukusanye alasiri zenye kasi ya wastani inayokaribiana.