Namba juu ya nukta za grafu ya mstari

Ndugu yangu, hiyo grafu yako ya bei ya kahawa Masaka haionyeshi namba juu ya nukta kwa sababu Chart.js, maktaba ya JavaScript unayochorea grafu, yenyewe haina kitu hicho, inakupa tu ile tooltipu, kisanduku kidogo cha maelezo, ukigusa nukta. Weka plagini (kiongezo) ya chartjs-plugin-datalabels, na hapa ndo wengi tunakwama, siku hizi haijiwashi yenyewe, lazima uisajili kwa kuandika Chart.register(ChartDataLabels), mi nilihangaika nayo usiku mzima mpaka bando likaisha kumbe ni huo mstari mmoja tu. Ukishamaliza, kwenye mipangilio ya grafu, sehemu ya options.plugins.datalabels, andika align: 'top' ili namba ikae juu ya nukta isiufunike mstari. Hapo hapo weka formatter, yaani fanksheni inayopanga namba ionekaneje, irudishe value.toLocaleString(), manake 12500 bila koma inachosha macho, shilingi zetu hizi zina masifuri mengi. Nukta zikisongamana weka display: 'auto', inaficha zile zinazopandana. Na namba ya juu kabisa ikikatwa kichwa ongeza nafasi ya juu ya grafu, options.layout.padding.top, kama 20 hivi.