Swali la Lugha: Hao “Wachache wa Kijinsia” Wamepungukiwa Nini?

Msomaji mmoja, muuguzi wa Mombasa, ameandika: “Tunatayarisha kijikaratasi cha zahanati. Aliyetufasiria ameweka kichwa ‘Uchechemuzi wa Haki na Afya ya Wachache wa Kijinsia’. Wenzangu wanasema hakieleweki. Je, ni Kiswahili sahihi? Na kama sicho, tuseme mashoga?”

Nilimsomea shangazi yangu kichwa hicho, naye akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso. “Masikini,” akasema, “wamepungukiwa nini?”

Jibu lote limo humo. Katika Kiswahili, mchache wa kitu ni mtu aliyepungukiwa na kitu hicho. Tunasema mchache wa fadhila, mchache wa adabu, mchache wa akili. Kwa hiyo “mchache wa kijinsia”, sikio la mswahili linamsikia kama mtu mwenye upungufu fulani wa kimwili, na afadhali nisiutaje. Mfasiri alitaka kusema kwamba watu wanaobaguliwa kwa sababu ya jinsia au mapenzi yao ni wachache kwa idadi miongoni mwa wengi. Kwa maana hiyo tunayo “walio wachache”, kama tunavyosema tukizungumzia makundi ya walio wachache na waliotengwa, ambayo Ibara ya 56 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inayahusu. Hiyo “walio” ndogo ndiyo inayookoa maana.

“Uchechemuzi” mtaukuta sana katika nyaraka za mashirika ya Tanzania. Silikatai, ila asiyelizoea hufikiria kuchechemea, na mguu mbovu si picha mnayoitaka kwenye jalada. Semeni “utetezi”. Wala msiseme “kupigia debe”. Debe hupigiwa matatu na mgombea, nanyi hamuwaombi watu wajiunge na chochote. Mnatetea haki ya mgonjwa kutibiwa.

Sasa “shoga”. Hapa pwani mwanamke akisema “nakwenda kwa shoga yangu” hakuna anayegeuza shingo, maana anakwenda kwa rafikiye. Sikilizeni na upatanisho wake: shoga yangu, mashoga zangu, sawa na rafiki yangu, rafiki zangu. Maana ya pili, ya mwanamume, ndiyo iliyoteka magazeti, na humo hutumika kama hukumu kuliko jina. Wapo wanaojiita hivyo wenyewe, tena kwa mzaha wa kupendana. Lakini mtu kujiita jambo ni tofauti na kuitwa hivyo dirishani na karani mbele ya foleni. “Msenge” sina haja ya kulieleza, ni tusi. “Msagaji” limetokana na kusaga, picha ileile iliyomo katika neno la Kiarabu la jambo hilo. Limo katika kamusi, ila linamtaja mwanamke kwa kitendo cha kitandani tu, kana kwamba hana kingine maishani.

La kuogopwa zaidi katika karatasi ya afya ni “hanithi”. Wengine humwita hivyo mwanamume anayewapenda wanaume, lakini kamusi zinalieleza kuwa ni mwanamume asiyeweza kujamiiana. Hiyo ni hali ya kitabibu, na mkiliandika mtakuwa mmempa mtu ugonjwa asio nao. Wala msilichanganye na “huntha”, aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume moja kwa moja wala ya kike. Huntha ni suala la mwili, halisemi lolote kuhusu nani anampenda nani. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524.

“Wapenzi wa jinsia moja” ni adilifu zaidi, nami nalitumia, lakini lina kasoro: wapenzi ni wawili. Mtu aliye peke yake utamwitaje, mpenzi wa jinsia moja? Hapo anasikika kama mpenzi wa soka. Semeni “anayempenda mtu wa jinsia yake”. Ni refu, lakini halina mwiba. Na mahali ambapo jambo ni kinga ya VVU, tajeni tendo waziwazi: “wanaume wanaofanya ngono na wanaume”. Virusi havijali mtu anajiitaje, na wako wengi wanaofanya hivyo wenye wake nyumbani, ambao kijikaratasi kilichoandikwa “mashoga” wangekipita wakidhani hakiwahusu.

Kutenganisha mtu na tendo si ulimbwende wa lugha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Februari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba chama cha kutetea watu hawa hakiwezi kunyimwa usajili. Mtaani ikawa “mahakama imehalalisha ushoga”. Haikuhalalisha; kifungu kiko palepale. Neno moja, ushoga, lilikuwa limebebeshwa tendo, mtu na chama kwa pamoja.

Msiniambie watu hawabadiliki. Zamani kila mwenye VVU aliitwa mwathirika, hata na waliompenda. Leo Tanzania wanasema WAVIU, watu wanaoishi na VVU, na neno limeingia mpaka kwenye mazungumzo ya kliniki.

Kichwa changu basi: “Haki na Afya ya Watu Wanaobaguliwa kwa Sababu ya Jinsia au Mapenzi Yao”. Kikiwa kirefu mno kwa jalada, andikeni “Huduma kwa Kila Mtu” na maelezo myaweke ndani.

Na fomu ya kuandikisha wagonjwa, ile yenye “Jina la mume/mke”? Ifuteni sehemu hiyo muandike “mwenzi”. Neno hilo halina uke wala uume, na halijawahi kumshtua mtu kwenye foleni.