Anti, niende Patmo mwezi wa tatu au niache?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni nesi hapa Kigoma, Machi 2027 naenda kozi Athens, Ugiriki, inaisha tarehe 23 na ndege ya kurudi ni 29. Hizo siku za katikati natamani nifike Patmo, kile kisiwa cha Yohana kwenye Ufunuo, maana toka niko kwenye mafundisho ya komunyo nakisikia tu. Ila kaka yangu aliyewahi kuishi Ulaya anasema kipindi hicho ni baridi, hoteli zimefungwa, nitajutia hela yangu. Nimsikilize?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako hajakudanganya, ila amemjibu mtu anayeenda kuogelea na wewe hujasema unaenda kuogelea. Bahari ya huko Machi ni kama nyuzi 16, wewe uliyezoea Tanganyika utachovya kidole gumba utatoa, basi. Baridi ya nje ni ya kuvumilika kabisa, mchana nyuzi 15 au 16, usiku 10 hivi, mtu wa Makete hata sweta hatafuti. Shida iko ndani. Zile nyumba za mawe zimejengwa zipoze jua la Julai, sasa Machi unaingia chumbani unakuta kuna baridi kuliko barabarani, kwa hiyo ukitafuta chumba usiulize habari za friji, uliza kama kuna hita. Na ni kweli vingi vinakuwa vimefungwa, lakini kisiwa kina watu kama elfu 3 wanaoishi pale mwaka mzima na wote wanakula, huwezi kukosa mkate na kahawa.

Visa ya Schengen, ile ya kuingilia nchi za Ulaya, utakayopewa kwa ajili ya kozi inatosha, mradi siku zake zifike 29. Tembea na pasipoti, tiketi ya meli inakatwa kwa jina.

Meli sasa. Patmo hakuna uwanja wa ndege, unapanda meli Piraeus, bandari ya Athens, ni kama masaa 8 na mara nyingi unashushwa usiku mnene, mwambie mwenye chumba aje akupokee. Kipindi hicho meli ni chache kwa wiki, halafu upepo ukizidi mamlaka ya bandari inazuia zote, hakuna cha kubembeleza. Wewe umekulia Kigoma, kukaa juu ya mzigo ukisubiri ziwa litulie sio somo jipya kwako. Ila ndege haikusubiri, kwa hiyo tarehe 27 uwe umesharudi Athens, zisizidi hapo. Ukikuta ratiba imekataa kabisa, nenda kisiwa cha Aegina, ni saa moja na kidogo tu kutoka Piraeus na meli zipo kila siku. Sio Patmo, najua.

Kwa nini mimi ningeenda? Mvua zao zinanyesha miezi karibu ileile ya kwetu, Novemba mpaka Machi, ikifika kiangazi milima inakauka inakuwa rangi ya mchanga. Wewe utaikuta kijani, maua mekundu mpaka kwenye nyufa za kuta, na utaona mabibi wameinama pembeni ya barabara na kisu na mfuko wa nailoni wanachuma mboga pori. Zinachemshwa, zinamwagiwa mafuta ya zeituni na ndimu, zina uchungu kama wa mnavu, ukipewa kula (mawese utayakumbuka tu).

Afu kalenda yako imeangukia patamu. Pasaka yetu sisi Wakatoliki mwaka huo ni 28 Machi, ya kwao Waorthodoksi ni 2 Mei, yaani wewe unamaliza mfungo, wao ndio kwanza wako wiki ya pili. Hawali nyama, mayai, maziwa wala samaki, lakini pweza na ngisi ruksa kwa sababu wanasema hawana damu, mimi hilo sijawahi kulibishia. Isipokuwa tarehe 25, ambayo kwako ni Alhamisi Kuu na kwao ni sikukuu mbili kwa mpigo, kupashwa habari Maria na kumbukumbu ya vita vya uhuru vya 1821. Siku hiyo samaki anaruhusiwa, wanakaanga wa chumvi wanamla na kitunguu saumu kilichopondwa.

Pango wanalosema Yohana alipewa Ufunuo humo liko katikati ya mlima, kati ya bandari ya Skala na mji wa juu, Chora, panda kwa miguu ile njia ya mawe. Ni dogo kuliko unavyowaza. Watakuonyesha mwamba uliopasuka sehemu tatu na kishimo kilichozungushiwa madini ya fedha, wanasema ndipo Yohana alipolaza kichwa. Julai hapo unasukumwa na watu wa meli za kitalii, Machi unaweza kukaa hata nusu saa uko na mishumaa tu. Juu zaidi kuna monasteri ya mwaka 1088, ulizia masaa ya kufungua kabla hujapanda. Na kote huko suruali kwa mwanamke hawaipendi, kwa hiyo kile kitenge usikiache kwenye begi kubwa.