Testosteroni 2.4 saa 10 jioni: sindano isubiri

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, naendesha bodaboda hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tangu mwaka jana nachoka sana, hamu ya tendo la ndoa imepungua, na alfajiri uume hausimami kama zamani. Mwezi uliopita niliugua malaria. Nilipomaliza dozi, wiki hiyohiyo nikapita maabara ya binafsi saa 10 jioni, baada ya kula, nikapima homoni. Karatasi inasema testosteroni 2.4 ng/mL, pembeni wameandika 2.49–8.36 na herufi L, yaani iko chini. Muuzaji wa duka la dawa ameniambia nichome sindano ya testosteroni ya miligramu 250 kila wiki mbili, nitakuwa sawa. Mwisho wa mwaka natarajia kuoa. Je, kipimo hiki kinatosha? Nichome? Na mchumba wangu nimwambie?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Sindano usichome kwanza. Sababu nitakueleza, lakini tuanze na hiyo karatasi, maana ndiyo iliyokutia hofu.

Testosteroni haikai palepale kutwa nzima. Hupanda usiku ukiwa usingizini, hufika juu kabisa alfajiri na asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Wanaume wa miaka 30 hadi 40 waliopimwa saa 2 asubuhi na saa 10 jioni walionekana kuwa chini jioni kwa asilimia 20 hadi 25. Wewe ni mdogo kuliko wao, na kwa vijana mteremko huu ndio huonekana zaidi. Sasa piga hesabu. Kama 2.4 yako ni robo tatu ya kiwango cha asubuhi, basi asubuhi ile ulikuwa na 3.2. Kama ni asilimia 80, ulikuwa na 3.0. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinatumia mpaka wa 300 ng/dL, ambayo ni sawa na 3.0 ng/mL. Uko palepale mpakani, na huenda kilichokushusha ni saa uliyopimwa.

Hapo sijagusa malaria. Mwili ukipigana na homa, ubongo hupunguza amri ya kutengeneza testosteroni, na hali hiyo haiishi siku unapomeza kidonge cha mwisho. Ulikuwa pia umekula, na chakula, hasa cha sukari na wanga, hushusha kiwango kwa saa chache. Tena wewe ni wa bodaboda. Hukuniambia unalala saa ngapi, ila vijana wengi wa kazi hiyo ninaowaona hurudi nyumbani usiku wa manane na kuamka kabla ya jogoo kuwahi abiria wa mabasi. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichukua vijana 10 wenye afya nzuri wakawalaza muda usiozidi masaa matano kwa usiku, kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu.

Kwa hiyo kipimo chako hakitoshi. Hata kingekuwa cha asubuhi, kimoja kisingetosha, kwa sababu kati ya wanaume wanaoanza na jibu la chini, hadi asilimia 30 hukutwa sawa wanaporudia. Ugonjwa wa upungufu wa testosteroni haupewi jina mpaka vipimo viwili vya asubuhi, vya siku tofauti, viwe chini, na mwenyewe awe na dalili.

Rudia hivi. Subiri angalau wiki nne hadi sita tangu malaria iishe. Lala vizuri siku kadhaa kabla, pombe iache. Usile asubuhi, kunywa maji tu, uwe maabara kati ya saa 1 na saa 4. Kwa ndugu zetu wa Kyela, Tukuyu au Makete wanaosoma hapa: basi la alfajiri likichelewa kidogo tu, muda umeshapita, kwa hiyo bora kulala mjini siku moja kabla. Rudia maabara ileile ikiwezekana, mashine zinatofautiana. Na soma kizio kilichoandikwa mbele ya namba. Nimeshapokea kijana analia kwa sababu karatasi yake ilisema 14, akijilinganisha na rafiki yake mwenye 450. Yake ilikuwa nmol/L, ya rafiki ng/dL. 14 yake ni kama 400. Walikuwa karibu sawa.

Siku hiyohiyo omba wakupime LH na FSH. Haya ndiyo majina yatakayokuwa kwenye fomu, na kwangu mimi yana uzito kuliko hiyo testosteroni yenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari. LH ni mjumbe anayetoka kwenye tezi hiyo kwenda kuziamuru korodani zitengeneze testosteroni. FSH hushughulikia mbegu. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, maana yake ubongo unapiga kelele na korodani hazijibu: tatizo liko chini. Hapo tunatafuta korodani ambayo haikushuka utotoni, ajali, kujinyonga kwa korodani, matubwitubwi yaliyoshuka yakavimbisha korodani baada ya kubalehe (chanjo yetu ya kawaida ya surua na rubela haiyazuii), au hali ya kuzaliwa na kromosomu X ya ziada, ambayo wengi huigundua ukubwani wanapotafuta mtoto. Testosteroni ikiwa chini na LH nayo iko chini, au iko kawaida wakati ilipaswa kupanda, basi amri haitoki juu. Hapo tunaongeza kipimo cha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na kama kuna maumivu ya kichwa yasiyoisha, kutoona vizuri pembeni, au chuchu kutoa maziwa, tunapiga picha ya kichwa kuangalia uvimbe kwenye hiyo tezi.

Sasa uone kwa nini nimeikataa sindano. Ukidunga testosteroni kutoka nje, pituitari inaona imejaa kwenye damu na kufunga duka. LH na FSH zinaanguka. Ukija kwangu baada ya miezi mitatu nikupime, nitakuta LH iko chini kabisa na sitaweza kujua kama ilikuwa chini tangu mwanzo au ni sindano iliyoizima. Ushahidi wote umefutika. Wakati huohuo korodani zinanywea na mbegu zinapungua, mara nyingi hadi sifuri. Hili lina ushahidi wa kutosha: Shirika la Afya Duniani lilizijaribu sindano za testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1990 yalionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu ya waliodungwa kila wiki, mbegu ziliisha kabisa ndani ya miezi 6.

Unataka kuoa mwisho wa mwaka, na hicho ndicho unachotaka kuchoma.

Nimekaa na wanandoa, mwaka wa pili hawajapata mtoto. Mke alikuwa ameshapita kwa waganga watatu na kusafishwa kizazi mara mbili, ndugu wa mume wameshaanza kunong'ona. Mume hakuwahi kupimwa. Nilipomtoa mke nje nikamuuliza mume peke yake, akasema anachoma "sindano ya nguvu" aliyouziwa, mwezi wa nane sasa. Mbegu zilikuwa sifuri. Tulisimamisha. Kwa wengi mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine huchukua hadi miaka miwili. Yeye alisubiri zaidi ya mwaka, na mke wake alikuwa ameshabeba lawama isiyo yake. Siwezi kumsikiliza muuza dawa anayesema "utakuwa sawa" bila kumkumbuka yule mama.

Kuna mambo mengine ninayotaka yachunguzwe kabla ya yote. Pima VVU. Sikutuhumu, naangalia mahali tunapoishi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yako asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, na hiyo ndiyo iliyokuwa mikoa mitatu ya juu nchini. VVU visivyotibiwa hushusha testosteroni, huleta uchovu na kuua hamu. Pima sukari, presha, na damu kwa ujumla, kile kipimo tunachokiita FBP. Upungufu wa damu peke yake hukuchosha hivyohivyo.

Kisha kaa ukumbuke kila ulichomeza mwaka huu. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa kificho mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni, na vikitumika muda mrefu hubana pituitari. Dawa kali za maumivu kama tramadoli hufanya hivyo pia, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini. Kama umewahi kuchoma dawa za kujenga misuli kwenye jimu, sema. Ulanzi na komoni, pombe zetu za kienyeji, vikiwa vya kila siku huumiza korodani na ini kwa pamoja. Na unga wa nguvu za kiume wa mitaani usiuguse: nchi nyingi zimeukamata ukiwa umechanganywa na sildenafili kwa siri. Unaamsha uume kwa saa chache, testosteroni haipandi hata chembe, na kwa mwenye dawa fulani za moyo unaweza kuua.

Kwa kwenda, usianze na duka la dawa. Anza hospitali ya wilaya, upate barua ya rufaa kama una bima, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, umwone bingwa wa magonjwa ya ndani au wa mfumo wa mkojo. Wa Iringa na Njombe wana hospitali zao za rufaa za mkoa. Ulizia kwanza kama maabara yao inapima LH, FSH na prolaktini wiki hiyo, ili usipoteze nauli. Daktari atataka kukupima korodani kwa mkono. Usikatae kwa aibu: zikiwa ndogo na ngumu, au moja haipo, dakika hiyo moja inatuambia kitu ambacho damu haisemi.

Ikithibitika kweli iko chini, tiba ipo na inasaidia. Kwa anayetaka watoto na tatizo likiwa la amri kutoka juu, kuna dawa zinazoamsha korodani zenyewe, kama klomifeni au sindano za homoni ya hCG, chini ya bingwa. Uvimbe wa prolaktini mara nyingi hutibika kwa vidonge tu. Mwenye kitambi akipungua uzito, kiwango hupanda chenyewe. Testosteroni ya sindano ina wagonjwa wake halisi, hasa wale ambao korodani zimeshindwa, na wao wanaihitaji kwa afya ya mifupa, damu na akili. Lakini hata wao huangaliwa. Inaongeza chembe nyekundu za damu, na sisi wa huku juu, Mbeya mjini ikiwa kwenye mita 1,700 hivi, tayari tuna damu nzito kuliko watu wa pwani. Kiasi cha chembe hizo kikivuka asilimia 54 tunasimamisha, kwa hofu ya damu kuganda. Muuzaji wa dukani hatakupima hiyo.

Mchumba mwambie. Huna haja ya kumpa jina la ugonjwa ambao bado hauna. Mwambie umekuwa mchovu, umepima, kipimo kinarudiwa asubuhi, na kwamba utaongeza kipimo cha manii na VVU, na yeye apime VVU pamoja nawe. Manii yapimwe baada ya siku mbili hadi saba bila kumwaga, na kwa kuwa homa hushusha mbegu kwa takriban miezi mitatu, subiri muda huo upite. Ukihesabu tangu malaria yako, vipimo vyote vitakuwa vimerudi kabla hamjaenda kwa wazazi.