Hesabu ya Mikwaju: Kwa Wanaoanza Gofu ya Ridhaa Nairobi

Ndugu mnaoanza gofu hapa Nairobi, wengi wenu huniuliza mnunue fimbo zipi na mumwendee kocha gani. Kwa miaka yote niliyocheza kama mchezaji wa ridhaa, huku nikiwa mwajiriwa wa ofisini, nimeona kwamba jambo la kwanza la kujifunza ni kuhesabu kwa uaminifu mikwaju yako, yaani kila pigo la mpira, kwani mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Tazameni nyasi za viwanja vyetu. Ile inayojulikana duniani kote kwa jina la Kikuyu ina asili yake katika nyanda hizi za juu, na mpira ukitoka nje ya njia iliyokatwa huzama humo kama yai kiotani. Ukiiweka fimbo nyuma yake kwa pupa, nyasi husukumana na mpira ukasogea, pengine upana wa punje ya mahindi, na asione mtu isipokuwa wewe. Hapo unapaswa kuurudisha ulipokuwa na kujiongezea mkwaju mmoja.

Jambo kama hilo lilimpata Bobby Jones, Mmarekani wa Atlanta, katika US Open, shindano la wazi la Marekani, ya mwaka 1925 huko Worcester. Ingawa waamuzi hawakuona lolote, alishikilia kwamba mpira wake ulisogea, akaadhibiwa mkwaju mmoja, akamaliza sare na Willie Macfarlane, kisha akashindwa katika marudiano ya mashimo 36. Bila adhabu ile, kombe lingekuwa lake.

Msidhani alizaliwa na utulivu huo. Mwaka 1921, katika shindano la wazi la Uingereza huko St Andrews, Uskoti, hasira zilimshinda akajiondoa katikati ya raundi ya tatu. Mwaka 1927 alirudi uwanja uleule akashinda. Mwaka 1930 alitwaa mataji yote manne makuu ya wakati huo, akastaafu akiwa na miaka 28 bila kuwahi kucheza kwa malipo, kwani alikuwa amesoma uhandisi, fasihi na sheria, na uwakili ndio uliokuwa kazi yake. Kwa hiyo ninawasihi msiache ajira kwa sababu ya vikombe viwili vya klabu.

Kuhusu kadi, ile ambayo mwenzako hukuandikia mikwaju ya kila shimo, nina jeraha langu. Katika shindano moja nilipiga mikwaju 6 kwenye shimo la 14, mwenzangu akaniandikia 5, nami kwa furaha ya raundi nzuri nikatia sahihi bila kusoma. Kadi yenye mikwaju michache kuliko iliyopigwa humwondoa mchezaji shindanoni, na niliondolewa. Sikuwa nimekusudia kudanganya, lakini sahihi ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo huketi kando, nikalisoma kila shimo kwa sauti pamoja na aliyeniandikia, hata wenzetu wakitungoja mezani.

Muda ni shida ya kweli. Ukitoka kazini saa kumi na moja na kukuta msongamano wa magari, huwezi kumaliza mashimo 9 kabla ya giza, ambalo huingia karibu saa kumi na mbili na nusu. Jioni kama hizo mimi huenda kwenye grini ya mazoezi, yaani sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo, na kuutia mpira shimoni mara kumi mfululizo kutoka hatua mbili. Nikikosa wa tisa, ninaanza tena na wa kwanza, na kuna siku bawabu amenisubiri nifikishe kumi ndipo azime taa.