Corolla ya marehemu na mnunuzi mwenye haraka

SWALI

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita akaacha Corolla 110, namba A. Tangu hapo iko uani chini ya mwembe, matairi yameisha upepo, na kuna kuku ameamua kutagia siti ya nyuma. Wiki iliyopita alipita kijana wa chuma chakavu, anataka kuichukua kwa kilo, shilingi 600 kilo moja. Kesho yake akaja mwingine, amechomekea vizuri, akaweka mezani laki tisa taslimu, ila anataka kadi na funguo leo leo. Anasema gari linadaiwa rodi laisensi ya miaka yote minne, hivyo ananisaidia, na mambo ya TRA atamalizana nayo mwenyewe. Kadi ina jina la marehemu. Mwanangu aliyeko Mwanza anasema nichukue hela nipumzike. Nifanyeje?
Mama wa Segerea

JIBU

Shikamoo mama, na pole, maana msiba hauzeeki.

Laki tisa mrudishie. Rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Gari likikaa chini ya mwembe halinywi mafuta, kwa hiyo hilo deni amelitunga sebuleni kwako huku anakunywa chai yako. Halafu, kwa unavyoeleza, hakufungua hata boneti. Kadi tu ndiyo aliyoiulizia. Kadi halali, vibao vya namba na namba ya chesisi vinaweza kuvishwa Corolla nyingine ya wizi, na siku ikikamatwa polisi watakuja kubisha hodi Segerea.

Mimi yalinikuta bila hata wizi. Niliuza Mark II GX90 yangu kwa kijana mpole sana, tukakubaliana kadi tutaihamisha "wiki ijayo". Mwaka uliofuata nikaangalia ile namba kwenye mfumo wa polisi: faini sita, kila moja 30,000, nyingine za mkoa ambao sijawahi kukanyaga. Kijana hapokei simu. Nikalipa.

Kwako kuna jambo lingine linalotangulia bei. Kadi ikiwa ya marehemu, wewe mwenyewe bado huwezi kusaini mauzo, hata kama gari mlinunua pamoja. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi. Kama ulifungua mirathi ulipofuatilia mafao yake, tafuta kwenye makaratasi ile Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ya uteuzi wa msimamizi. Wengi wanayo kabatini wala hawajui ina kazi nyingine. Kama hukufungua, anza na muhtasari wa kikao cha familia na cheti cha kifo. Ni mizunguko, sikudanganyi, lakini gari limesubiri miaka minne, miezi michache haitaliua.

Wakati mahakama inaendelea, ita fundi mmoja unayemwamini. Mwambie asiweke betri na kupiga stata moja kwa moja. Petroli ya zamani imwagwe, oili ibadilishwe, kisha azungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya chini. Ikizunguka, una bahati. Injini ya 5A kwenye hizo 110 ni ngumu kufa, na mafundi wa Ilala wanaipenda kama mtoto wa dada. Ikiwaka, hapo unauza gari, na mtu wa kilo hana tena nafasi ya kusogea.

Isipowaka, bado usiipeleke kwenye mizani nzima nzima. Ina uzito wa kama tani moja, kwa hiyo yule kijana anakupa laki sita hivi. Lakini injini, gia boksi, taa, milango na rimu vina wanunuzi wake mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kila kimoja na bei yake. Na mwambie fundi alale chini aangalie masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna madini ghali, platinamu na paladiamu, na wapo wanaozunguka mitaani kuyanunua. Usishangae yule wa kilo naye akiyang'oa kabla hajafika kwenye mizani. Ukiamua kuikata, vibao vya namba na kadi vibaki kwako, uende navyo TRA kuomba gari lifutwe kwenye usajili.

Akipatikana mnunuzi, mkataba uandikwe mbele ya wakili, nakala ya kitambulisho chake ubaki nayo, na pesa mkahesabiane kaunta ya benki, siyo uani. Siku hiyo hiyo mwende TRA kuhamisha umiliki. Ada na ushuru wa stempu, nani analipa, mkubaliane kabla. Nimeona biashara ikivunjika mlangoni pa TRA kwa hilo tu.

Yule kuku mhamishe mapema. Fundi akimkuta amelalia, atadai na mayai.